Kabla Hujapandisha Ghorofa Mji Mkongwe, Kaa Kitako na Jirani

Jirani akiona mifuko ya saruji imepangwa barazani na hakuna aliyemwambia neno, ugomvi umeshaanza, hata kama mafundi hawajapanda juu. Nakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba ya urithi iliyobanwa na nyumba za watu kushoto na kulia, na nimepitia mzozo wa namna hii mpaka ukaisha kwa salama. Nawaandikia wanaotaka kujenga na wanaojengewa pembeni pia.

Jirani yetu alitaka kuongeza chumba juu ya dari kwa ajili ya kijana wake aliyekuwa anakaribia kuoa. Haja yake niliielewa na mpaka leo naitetea. Familia zinakua, viwanja mjini hakuna, na si haki kijana akapange Fuoni, nje ya mji, wakati nyumba ya babu yake ipo. Mji usiokaliwa na wenyewe utabaki wa hoteli tu.

Tatizo lilikuwa ukuta, kwa sababu ukuta ule ni wake na ni wetu. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, boriti haifiki mbali. Ukimwaga zege la nondo juu yake, uzito wote unashukia ukuta ambao haukujengwa kuubeba. Halafu saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yakishaingia hayatoki, lipu inavimba na kubanduka, na boriti inaanza kuoza pale pale kichwa chake kilipoingia ukutani, mahali ambapo huoni mpaka dari ishuke. Sote tulishuhudia tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kihistoria la Forodhani, ilipoporomoka ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki. Majengo haya yana umri, yanataka fundi anayeyajua.

Kwa hivyo ukisikia jirani anajenga, kwanza piga picha kuta zako zote, na nyufa zilizopo tayari. Fundi mmoja mzee alitufundisha kugandisha kipande cha kioo chembamba kwa jasi juu ya ufa, huku na huku, kisha kuandika tarehe kwa penseli pembeni. Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Hapo huna haja ya kubishana na mtu, unamwita aje aangalie mwenyewe.

La pili ni namna ya kusema. Ukimwendea mtu na maneno ya "unaharibu urithi wa dunia", atasikia kwamba unamwona mshamba ndani ya nyumba yake. Ni kweli UNESCO iliutambua mji huu mwaka 2000 na mimi naujali sana, lakini nimeona mazungumzo yanasogea zaidi mtu akitaja kitu cha kushikika: mlizamu wako utamwaga maji ya masika kwenye ukuta wangu, dirisha lako litaangalia uani kwetu. Bi mkubwa wa nyumba ya nyuma alipomwambia yule kijana, "Mwanangu, jenga, Mungu akubariki, lakini mimi nikipika kifua wazi jikoni kwangu utakuwa unaniona?", kijana aliinamisha uso, na dirisha likahamishiwa upande wa kichochoro siku ile ile. Stara ndiyo iliyopanga nyumba hizi tangu zamani, na kila mtu hapa anaielewa bila ya kusomewa sheria.

Sheria nayo ipo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na kibali chake kinatangulia jiwe la kwanza. Pitia kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako, uombe kuona mchoro wenyewe wa kujenga, usiridhike na maelezo ya mdomo. Na kama nyumba ni ya wakfu, mpangaji hana uamuzi wa kuongeza hata tofali. Aende kwanza Kamisheni ya Wakfu.

Kuna jambo moja ambalo mimi silegezi: kuziba baraza ili kufanya duka. Chumba cha juu kinaweza kufanywa chepesi na kwa adabu, lakini baraza ikishazibwa wazee hawana pa kukaa, na mtaa unabaki njia ya kupita tu. Hilo nitalipinga kila siku, hata likitoka kwa ndugu yangu.

Jirani yetu mwishowe alijenga chumba cha mbao na bati badala ya zege, akainua ukingo wa dari upande wa Bi mkubwa, na maji akayageuzia kwake. Tuliandikiana karatasi mbele ya Sheha: kitajengwa nini, kwa vifaa gani, na ufa mpya ukitokea nani atautengeneza na kwa chokaa, si saruji. Usiache kuandika hili la mwisho. Mvua za mwaka uliofuata ufa ulitokea kwenye ngazi yetu, na fundi alikuja kwa gharama ya jirani bila ya mtu kupandisha sauti.