Kukiuka, kuvunja, kubaka: majibu kwa walioniuliza kuhusu "violation"

Maswali ya safari hii yameletwa na neno moja la Kiingereza, "violation", na ndugu zake wa karibu. Nayajibu kama yalivyonifikia hapa Tanga. Yaliyofanana nimeyafanya moja.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, Chumbageni. "Breach of contract" niandike kuvunja mkataba au kukiuka mkataba? Wakubwa zangu hawakubaliani.

Andika kukiuka, mwanangu. Kuvunja mkataba tumeshakupa kazi nyingine. Timu ikiachana na kocha, magazeti huandika "wamevunja mkataba", hata kama wamekaa mezani, wakaelewana na wakalipana. Hapo hakuna aliyekosa, mkataba umekoma tu. Aliyekiuka ni yule ambaye hakutimiza sharti, na mara nyingi mkataba wenyewe bado upo na anadaiwa kwa huohuo.

Madhara yake nimeyaona. Jamaa mmoja alipanga fremu Ngamiani, akauza vipuri vya baiskeli. Kodi ikamchelewa miezi miwili, akaletewa barua iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza: "umevunja mkataba". Akaisoma kama ambavyo mimi na wewe tungeisoma, kwamba basi, mambo yamekwisha. Usiku uleule akafunga minyororo na mataili kwenye viroba, akahama. Kumbe mwenye fremu alitaka kodi yake tu, wala hakuwa na nia ya kumtoa. Barua ile niliishika mkononi baadaye. Juu ya neno "umevunja" mtu alikuwa ameandika "breach" kwa penseli, kisha akakifuta nusu. Nadhani aliyeitafsiri alisita, ila hakuuliza.

Kukiuka kwa asili yake ni kupita juu ya kitu, kukivuka bila kukikanyaga. Bibi yangu alikuwa akikaa ukumbini kwenye mkeka, miguu kaitandaza, ungo wa mchele mapajani. Mtoto akikatiza juu ya miguu yake, alimshika mkono: "Umenikiuka! Rudi ulikopita." Ilibidi mtoto aruke tena kwa njia ileile, ndipo bibi aendelee kuchagua mawe kwenye mchele wake. Mpaka upo palepale, miguu haijavunjika, lakini umepita pasipopitwa. Ndivyo ilivyo kwa sharti la mkataba.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Makorora. "Violation", "infringement", "breach", "transgression" na "offence" ni kitu kimoja?

Marahaba. Yana undugu, lakini kila moja lina nyumba yake. "Transgression" limetoka Kilatini, likiwa na maana ya kupiga hatua ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo linalingana kabisa na kukiuka kwa bibi yangu. "Infringement" nalo ni la Kilatini, na ndani yake limo tendo la kuvunja. "Breach" ni jamaa wa "break", yaani kuvunja vilevile. "Violation" ndilo lenye ukali: shina lake ni moja na la "violence", na lilibeba maana ya kutenda kwa nguvu na kuvunjia heshima. Hilo likumbuke, nitalirudia chini.

Kwa matumizi, "infringement" utalikuta sana kwenye hakimiliki, hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) na alama za biashara, nasi husema ukiukaji wa hakimiliki. "Breach" hukaa na mikataba na ahadi, na pia na amani, ambako Kiswahili kina neno lake zuri: uvunjifu wa amani. Usiandike "ukiukaji wa amani", utachekwa. "Offence" ni kosa, lile linaloandikwa katika hati ya mashtaka.

Lipo pia kuhalifu, la asili ya Kiarabu, kwenda kinyume cha amri. Wazee walilitumia hata kwa mtoto aliyekaidi. Limezaa uhalifu na mhalifu, na watoto hao wamekuwa wakali kuliko mzazi: ukimwita mtu mhalifu kwa sababu kachelewesha ripoti, umemtukana.

Dereva wa daladala, Mabawa: "traffic violation" ni nini kwa Kiswahili fasaha?

Kosa la barabarani. Askari akikusimamisha hakuulizi umefanya ukiukaji gani, anakuuliza, "Unajua kosa lako?" Neno hilo linatosha.

Nakalimani kwenye semina za akina mama, Muheza. Mgeni akisema "she was violated", mimi husema "haki zake zilikiukwa". Wananitazama tu. Nakosea wapi?

Dada yangu, wanakutazama kwa sababu hujawaambia kilichotokea. Alipigwa? Alibakwa? Alifukuzwa kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe? Kiingereza kinaweza kuyafunika yote kwa neno moja na msikilizaji wake akaelewa kwa mazingira. Kwetu "haki zake zilikiukwa" ni lugha ya ripoti. Mama aliyeacha mihogo yake juani kuja kukusikiliza anataka kujua huyo mwenzake alifanywa nini.

Msimamishe mgeni umuulize, si aibu, ni kazi yako. Akisema shamba, tafsiri "alidhulumiwa". Hakuna mtu Muheza asiyeijua dhuluma. Akisema kipigo cha kila siku, sema anapigwa, ananyanyaswa. Na ikiwa ni kubakwa, sema alibakwa, kwa sauti yako ileile. Si neno la mtaani. Ndilo la sheria: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliirekebisha Kanuni ya Adhabu na kumwekea mtu mzima anayebaka kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa lenye uzito huo halistahili kupitishwa chini ya zulia la "haki zilikiukwa".

Utakutana pia na watakaokushauri useme "alinajisiwa". Kamusi zinakubali, na magazeti hulitumia, hasa mtoto anapotendewa. Mimi nimeacha. Najisi tunaijua tangu utotoni: ni kile kikiingia nguoni, nguo hiyo huisalii mpaka uifue. Msikiti unaweza kunajisiwa, kaburi linaweza kunajisiwa, nalo neno hapo limekaa pake. Lakini ukisema binti amenajisiwa, unamrudisha nyumbani akiwa yeye ndiye mwenye uchafu, na yule mwanamume anaendelea kupita mtaani msafi. Nimewahi kumwona mama akimfunika mwanawe khanga usoni pale neno hilo liliposomwa mbele ya watu. Tangu siku hiyo halijatoka tena mdomoni mwangu kwa kumsema mtu.

Mvuvi wa Sahare: Kwenye kikao tulisomewa "ukiukwaji wa kanuni za uvuvi". Sisi tunasema uvuvi haramu. Ni mamoja?

Si mamoja, kaka, na wewe uko karibu zaidi na jambo lenyewe. Aliyesahau kulipia leseni amekiuka kanuni. Anayevuta kokoro na kukomba vifaranga vya samaki anavua kwa haramu, na jina hilo linamfaa. Mwenye kurusha baruti yeye kavuka hata hapo: samaki wanaelea matumbo juu, na matumbawe yanayohitaji miaka mingi kukua yamekuwa kifusi. Kwa huyo ningetumia kuhujumu. Pwani hii tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, na ukisema bahari "imekiukwa" hakuna atakayeielewa hasara. Kikao kijacho waombe wataje tendo: baruti, kokoro, leseni.

Wakala wa fedha za simu, Ngamiani: Nimepata ujumbe kuhusu "data breach". Ni uvunjaji wa taarifa?

Ni uvujaji, bila n, kama dumu linavyovuja. Taarifa zimetoka nje ya chombo chake. Aliyevunja mlango wa kompyuta za watu ni mdukuzi, na tendo lake ni udukuzi. Uvujaji waweza kutokea hata bila yeye, karani akituma faili kwa mtu asiye wake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo maneno haya yatazidi kukufikia.

Msomaji wa Pongwe: Katiba yenyewe inatumia lipi, kukiuka au kuvunja?

Swali zuri, na wakubwa wa yule karani wa Chumbageni watalifurahia. Ibara ya 30 inamzungumzia mtu anayedai kuwa sharti linalohusu haki yake "limevunjwa, linavunjwa au inaelekea litavunjwa". Ni kuvunja, mara tatu. Haigongani na nilichosema juu, maana sharti la haki halivunjwi kwa kukaa mezani na kuelewana kama mkataba wa kocha, basi utata haupo. Ninachokipenda hapo ni hilo la tatu, "inaelekea litavunjwa". Mwenye haki hasubiri vipande. Akiona nyundo imeinuliwa, anaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu.