Programu umeiweka, sasa iko wapi?

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji aliyehamia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, akaweka ripgrep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili: "Kaka, nimeweka ripgrep kwenye Ubuntu, imeisha vizuri kabisa. Nikiandika ripgrep naambiwa command not found. Nimefungua folda zote siioni. Nirudi Windows?"

Usirudi, mdogo wangu. Programu unayo.

Swali hilo nilishawahi kuliuliza na mimi, nikiwa mgeni kazini, kwa jamaa aliyekuwa anasimamia seva. Alinijibu mbele za watu kwamba Linux haina chekechea, asiyeiweza abaki na simu yake. Ofisi nzima ikacheka. Ni miaka mingi sasa, na bado likinijia linauma. Kilichonikera zaidi ni kwamba jibu lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Angeweza kunipa akaendelea na chai yake.

Nakupa wewe, uandike kwenye terminali, lile dirisha la amri: dpkg -L ripgrep

Ubuntu, kama mama yake Debian, haiweki programu nzima kwenye folda moja. Programu yenyewe inakwenda /usr/bin, maelezo na picha /usr/share, mipangilio ya mfumo /etc. Ukitafuta kwa macho utakesha. Lakini dpkg ni kama mtunza stoo mwenye daftari: kila faili aliyoiingiza ameiandika. Pitia orodha atakayokupa, utaona /usr/bin/rg. Basi amri yako ni rg. Jina la kifurushi, yaani boksi lililoleta programu, na jina la amri si lazima vifanane. Ukiweka fd-find utaita fdfind, kwa sababu jina fd kwenye Debian lilikuwa na mwenyewe tayari. Ukiweka bat utaita batcat. Na ukikutana na faili usiyoijua, geuza swali: dpkg -S /usr/bin/rg, utaambiwa imeletwa na kifurushi kipi.

Mwezi uliopita kilichonibeba ni apt na kaka yake apt-get, wanaomletea dpkg mizigo kutoka mtandaoni. Shule moja ilipata kompyuta za mitumba, intaneti hakuna, bando ni langu. Zote nikazipiga Ubuntu ya toleo moja kutoka flashi moja. Ya kwanza nikaiunganisha na simu, nikaandika sudo apt update (sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi), kisha sudo apt-get install gcompris-qt audacity, yaani michezo ya kujifunzia watoto na programu ya kurekodi sauti. Angalia hapo, nimetumia apt-get makusudi. Amri fupi ya apt ikishamaliza kazi inafuta vifurushi ilivyopakua. Apt-get inaviacha /var/cache/apt/archives. Nikavinakili kwenye flashi, nikahamia kompyuta ya pili, nikaingia kwenye folda ile na kuandika sudo apt-get install ./*.deb, ikapita bila kugusa mtandao. Ya tatu hivyo hivyo, mpaka ya mwisho. Mwalimu mkuu alidhani nimemaliza bando la mwezi mzima. Nilitembea kifua mbele siku ile, na sioni aibu kusema.

Sasa vijana, nisikilizeni. Acheni kunakili kila amri mnayoikuta mtandaoni, hasa zile za curl zinazomalizikia na sudo bash, yaani pakua kitu mtandaoni na kukiendesha papo hapo kwa mamlaka yote. Unampa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba nzima, na alichokiweka mara nyingi dpkg hana habari nacho, kwa hiyo hata kukiondoa ni shida. Anza na apt search. Ikikosekana kabisa ndipo utoke nje, na utoke ukijua unachofanya. Uliyoijenga mwenyewe kwa make install kwa kawaida iko /usr/local/bin. Iliyokaa kwako peke yako mara nyingi iko ~/.local/bin, na kama folda hiyo imezaliwa leo, toka kwenye akaunti uingie tena ndipo mfumo uanze kuitazama. Ukiwa na shaka ni ipi inayoitwa, andika command -v na jina la amri.

Na mnaojua, mkiulizwa jibuni. Mstari mmoja tu haukupunguzii kitu.

Mdogo wangu, fungua terminali, andika rg --version, halafu niambie imekujibu namba gani.