Jarida linadai dola 2,000

SWALI: Shikamoo mama. Makala yangu ya mpunga imekubaliwa, ila jarida linadai dola 2,000 ili isomwe bure. Maktaba ya chuo itanisaidia? – Mhadhiri, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza! Mpelekee mkutubi jina la jarida. Kupitia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vyetu, ipo mikataba ya EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba, inayofuta au kupunguza ada hiyo kwa baadhi ya wachapishaji. Ikishindikana, mtazame pamoja Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo), tovuti inayoonyesha masharti ya majarida: majarida mengi huruhusu nakala iliyokwishapitiwa na wahakiki, kabla ya kupangwa kurasa, iwekwe kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Hulipi chochote. Kwa hiyo itunze ile faili ya Word ya nakala hiyo. Wengi huifuta, nami huumia sana, maana PDF ya mchapishaji mara nyingi hairuhusiwi.