Maswali Yenu: Makala zangu zimetawanyika kwenye mfumo wa chuo, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mhadhiri wa lugha, chuo kimetuletea mfumo wa profaili za watafiti na tumeambiwa kila mtu ahakikishe kazi zake zimo kabla maombi ya kupanda cheo hayajaanza kukaguliwa. Nimefungua nikakuta makala zangu chache tu, nyingine ni za mtu tunayefanana jina anayeandika mambo ya udongo, halafu moja yangu imejitokeza mara mbili. Za zamani hazimo kabisa. Tena jina nimelitumia hovyo, kuna sehemu ni herufi mbili na jina la babu, kwingine jina la baba. Nijaze moja moja kwa mkono?

JIBU: Pole mwalimu. Kujaza kwa mkono iwe ndo hatua ya mwisho kabisa, maana ukianza nayo, mfumo ukija kutafuta wenyewe utaleta makala zilezile tena na utajikuta na nakala mbilimbili kila mahali.

Anza na jina. Kama huna namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho inayomtofautisha mtafiti na wenye jina kama lake, jisajili leo, ni bure kwa mtafiti yeyote, zilianza kutolewa Oktoba 2012. Ina alama 16 zilizopangwa nne nne, na usishtuke ya kwako ikiishia na X, wala usiifute ukidhani ni kosa la kuchapa, ile ni alama ya kuhakiki inayosimama badala ya 10. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya majina mengine unayojulikana nayo, weka yote, la babu, la baba, herufi, kila namna uliyowahi kuchapisha nayo. Kisha rudi kwenye profaili ya chuo uziunganishe, na kuunganisha si kuandika tu namba kwenye kisanduku, tafuta kitufe chenyewe, ulogini ORCID, utoe ruhusa, hapo ndo mifumo miwili inaanza kusomana. Ukimaliza ingia kwenye mipangilio ya utafutaji uongeze majina yaleyale, maana mara nyingi pale jina linakuwa limewekwa kwa namna moja tu, na hiyo inatosha kabisa kuficha nusu ya kazi za mtu.

Za mtu wa udongo bonyeza kwamba si zako, basi. Usiziache zikisubiri na nakusihi usizipokee ili orodha irefuke, mkaguzi akikuta mhadhiri wa lugha ana makala ya mbolea ataanza kutilia shaka hata zile halali, na mwenzio naye anakosa haki yake. Ukikataa ya kwako kwa bahati mbaya usiwe na presha, mifumo mingi inatunza orodha ya zilizokataliwa na unaweza kuirudisha.

Hiyo iliyojirudia usiifute, iunganishe na pacha wake. Kinachotokea ni kwamba Scopus (hifadhidata ya makala za kitaaluma) imeleta rekodi yake na Crossref (shirika linalosajili kazi za wachapishaji) imeleta yake, na kama kichwa cha habari au mwaka vimetofautiana kidogo mfumo unadhani ni kazi mbili. Mwaka ndo unasumbua zaidi, makala inaweza kutoka mtandaoni Novemba halafu ikaingia kwenye toleo la jarida la mwaka unaofuata, kwahiyo angalia kanuni za chuo chako wanahesabu upi kisha uufuate huohuo kwa kazi zote. Ila preprinti, yaani makala iliyowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na jarida, na makala iliyokuja kuchapishwa baadaye hizo si nakala, kila moja ina DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni, ziache zote mbili na uoneshe kwamba zinahusiana kama mfumo unaruhusu.

Sasa za zamani. Yenye DOI, yaani ile namba inayoanza na 10 ikifuatiwa na nukta, kopi yote upesti, kichwa, jarida, juzuu na kurasa vitajaa vyenyewe, we kazi yako ni kukagua mpangilio wa waandishi. Zisizo na DOI ndo za kuandika kwa mkono, na kwa mtu wa lugha zitakuwa nyingi, kwasababu Scopus na mwenzake Web of Science, nayo ni hifadhidata ya makala, zimeegemea sana majarida ya Kiingereza na vitabu vingi haviko humo. Hilo linaniuma kweli, kazi nzuri za miaka zinaonekana kama hazipo. Kwahiyo zijaze kwa uangalifu: sura ya kitabu iingize kama sura, usiiite kitabu, weka ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu (ya kabla ya 2007 inakuwa na tarakimu 10 badala ya 13, iandike ilivyo), na ambatanisha skani ya ukurasa wa jina na yaliyomo ili mtu wa maktaba aweze kuithibitisha bila kukutafuta.

SWALI: Mhariri, naruhusiwa kupakia pdf niliyopakua kwenye tovuti ya jarida?

JIBU: Inategemea leseni. Kama imetoka kwa leseni ya Creative Commons, ile inayoruhusu watu kusambaza kazi kwa masharti yaliyotajwa, pakia, bila kusahau kutaja leseni yenyewe. Kama ni jarida la kulipia, mara nyingi kinachoruhusiwa ni muswada uliokubaliwa, yaani ule wa mwisho baada ya marekebisho ya wapitiaji, kabla mchapishaji hajaupanga kwa muundo wake, na huenda ukatakiwa kufichwa kwa miezi kadhaa kwanza. Soma mkataba uliosaini. Na kuanzia sasa makala ikikubaliwa tu, hifadhi hilo faili la Word palepale, kulitafuta miaka mitatu baadaye kwenye imeili za waandishi wenza ni mateso.

SWALI: Msaidizi wangu wa utafiti anaweza kunijazia? Mimi muda sina kabisa.

JIBU: Anaweza, ila usimpe nywila yako, kwenye mifumo mingi hiyohiyo ndo inafungua na imeili na matokeo ya wanafunzi. Tafuta sehemu ya kuteua mwakilishi, ipo kwenye ORCID na kwenye mifumo mingi ya vyuo, anaingia kwa akaunti yake na akiondoka unamtoa. Yeye ajaze na kusahihisha, lakini swali la hii ni yako au si yako ujibu mwenyewe.