Kabla hujaimba Jumapili, mpimie mkulima wako sawasawa

Wiki hii kijana mmoja mwanakwaya, mnunuzi wa viazi mviringo anayekusanya Isyonje na kuuza Uyole, huku Mbeya, ameniandikia: "Mwalimu, nifanye nini ili wenzangu sokoni wamwone Kristo ndani yangu? Nawagawia vipeperushi, nawaalika ibadani, hawaji." Nikamrudishia swali: unanunua kwa kilo au kwa lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo? Jibu lilikuja kesho yake, nalo ni neno moja. Lumbesa.

Basi tuanzie hapo. Mkulima wa Uporoto au Umalila uliyemfungia lumbesa Ijumaa ndiye anayekaa benchi la tatu Jumapili akikutazama unavyoimba sauti ya tenori. Anaijua hesabu hata kama hasemi. Tuseme bei ni shilingi 600 kwa kilo, gunia la kilo 100 ni 60,000. Ukilishonea kilemba cha wavu juu likafika kilo 130 na ukamlipa 60,000 ileile, umeondoka na 18,000 yake. Kwa magunia kumi ni 180,000. Hiyo ni mbolea yake ya msimu ujao, na wewe umeitolea sadaka ya shukrani mbele yake! Inaniuma kuandika hivi, lakini wengi wameacha kusikiliza mahubiri kwa sababu ya magunia, wala si kwa sababu ya mafundisho.

Sheria ya Vipimo imeshaweka mwisho: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Maandiko yalitangulia zamani. Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo, na Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Ndugu zetu Waislamu nao wana sura ya Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Hakuna muumini wa nyanda hizi atakayesema hakuambiwa.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 au zaidi iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na uipeleke ikaguliwe tena kila mwaka. Funga nguzo tatu imara, uitundike juu kiasi kwamba gunia lisiguse ardhi wala goti la mpakiaji; gunia likiegemea kitu, mshale unasoma pungufu na anayepunjwa ni mkulima. Ndoano na kamba zikiwa zimeshaning'inia, mshale uwe kwenye sifuri. Kisha ijaribu mbele ya watu: tundika dumu tupu, soma, lijaze lita 20 za maji ulizozipima kwa chupa ya lita moja, soma tena. Tofauti iwe kilo 20. Springi yenye kutu hukaza na kusoma pungufu, iliyochoka husoma zaidi. Ikikosea, usijirekebishie kichwani kwa kukisia. Peleka kwa fundi, ikaguliwe upya.

Mwache mkulima asome mshale mwenyewe. Ukipima mama mzee asiyeona vizuri, mwite mjukuu wake asome kwa sauti. Andika kilo kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo.

Penye ugomvi mkubwa ni matope. Masika viazi hutoka shambani vimebeba udongo, na mnunuzi hukata kilo anazotaka. Usifanye hivyo. Pima gunia moja lilivyo, limwageni chini, msugue udongo wote, mpime tena. Likitoka 100 likawa 96, kata kilo nne kwa kila mia, basi, na mkulima ameona kwa macho yake.

Nitasema ukweli: faida yako kwa gunia itapungua, na jirani yako wa lumbesa atakucheka. Sehemu ya hasara hiyo utaiokoa kwenye kuoza. Kubaliana na mkulima akate majani wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ya kiazi ikomae. Tenga vilivyokatwa na jembe palepale shambani, visipigwe jua vikawa vya kijani, na magunia yapate hewa kwenye gari. Kiazi cha ngozi laini kilichoshindiliwa kwenye lumbesa huchubuka, kikaanza kuvuja na kuambukiza wenzake kabla hakijafika sokoni.

Vibarua walipwe jioni ileile. Walawi 19:13 haina tafsiri ya pili.

Na zaka, wapendwa, toeni kwenye faida. Umenunua kwa 600,000, usafiri, ushuru na vibarua 150,000, umeuza 850,000. Faida ni 100,000, zaka ni 10,000. Wapo wanaotoa 85,000 kwa sababu wameshika mauzo mkononi, mtaji unaliwa, wanakopa kwa jirani na kushindwa kulipa. Jirani huyo hataambiwa habari za wokovu akakusikiliza.

Wenzako wakiuliza kwa nini umeacha lumbesa, jibu kwa sentensi moja, "Namwogopa Mungu," uendelee kupima. Usiwataje majina, usiwahubirie ukiwa juu ya Fuso.

Na wale uliowapunja misimu iliyopita? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na kilichopungua. Fungua daftari, tafuta majina na idadi ya magunia, piga hesabu ya kilo zilizozidi kwa bei ya siku ile. Nenda nyumbani kwa kila mmoja bila kundi la watu, mkabidhi fedha, omba radhi. Usiyemkumbuka kiasi chake, mwulize yeye na ukubali atakachosema. Ukishindwa kumaliza kwa mara moja, mpe tarehe uitimize. Ushuhuda madhabahuni usubiri mpaka wa mwisho kwenye daftari awe amelipwa.