Mchungaji, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naandika kutoka Sengerema. Mwanangu wa pili ana miaka 8 na ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nina kaunta buku ambamo naandika kila kitu: vikombe vya maji alivyokunywa, saa ya foliki asidi, saa ya haidroksiyurea, kama alivaa sweta, kama chandarua kilichomekwa vizuri. Upande wa kulia nimechora safu nyingine, "kosa langu". Akiumwa, natafuta nilipoteleza na kuandika hapo. Mwezi uliopita sikuruka hata mstari mmoja, lakini usiku wa manane akaanza kulia miguu, tukalazwa siku nne. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema vidonge ndivyo vinavyomzuia Mungu, niviache nisimame kwa imani. Mama mkwe anasema ukoo wao hauna ugonjwa huo, nitubu dhambi yangu. Je, niache dawa? Na nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kulazwa.

La dawa nalimaliza upesi: usiache. Hezekia alipougua, Mungu alimwahidi kupona, na nabii yuleyule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Timotheo aliposumbuliwa na tumbo, Paulo hakumwambia aongeze mkesha, alimwambia atumie mvinyo kidogo (mstari ambao wachungaji wengi tunaupita mbiombio). Huyo dada mshukuru kwa kukuombea, kisha mpe mtoto kidonge chake. Na homa ikimpata, hospitali siku hiyohiyo. Maombi mtayafanya njiani.

Sasa mama mkwe. Kabla ya kuitwa kwenye uchungaji nilikuwa mtu wa maabara. Miaka ya 1980 kipimo chetu kilikuwa tone la damu juu ya kioo, tone la dawa ya kuondoa oksijeni, kifuniko chembamba, halafu unaziba kingo kwa vaselini na kusubiri. Ukirudi kwenye hadubini baada ya nusu saa, chembe zilizokuwa duara kama visahani zimepinda na kuchongoka, mundu kabisa. Nilikuwa nikiwapima na wazazi. Damu ya mama inapinda. Damu ya baba, ambaye amekaa nje kwenye benchi akisema kwao hakuna kitu kama hicho, nayo inapinda. Wote wazima, hawajaumwa hata siku moja. Mtoto wa sikoseli amepokea kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Wanandoa wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Jambo hili alieleze mumeo kwa mama yake, si wewe.

Na mumeo aongeze hili. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini kinasaba hicho kimejaa pwani na huku kwenu kandokando ya ziwa, lakini nyanda za juu ni haba. Anayekipokea kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Basi huenda bibi mzaa bibi wa mumeo alivuka utoto wake kwa sababu ya kitu hichohicho kinachomliza mjukuu usiku. Nimehubiri miaka mingi na bado sijapata namna ya kulihubiri hilo. Najua tu kwamba wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Yesu hakumlaumu hata mmoja.

Sasa hilo kaunta buku. Mzaliwa wetu wa kwanza alifariki kwa homa akiwa na miaka 3. Mimi nilikuwa mtu wa vipimo, kwa hiyo mwaka mzima nilipiga hesabu: tungeondoka saa mbili mapema, ningechukua damu mwenyewe, tungepita njia ile nyingine. Niliandika mpaka saa za mabasi. Usiku mmoja mke wangu alinikuta na karatasi zangu akauliza, "Uchunguzi huo ukiisha, utamfunga nani?" Sikuwa na jibu. Sikuziacha siku hiyo, nisikudanganye, ila ndipo nilipoanza kuchoka nazo.

Mwanangu, haidroksiyurea hupunguza maumivu, haikuahidi kuyafuta. Mtoto anaweza kunywa maji yote, kuvaa sweta zote, na bado mishipa ikaziba usiku. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema yatosha, na mwiba ukabaki palepale. Jibu hilo hakupewa kwa sababu alijaza safu zake vizuri.

Safu za maji na dawa endelea nazo, daktari wa kliniki anazihitaji. Ile ya kulia chukua mkasi uikate, kurasa zote, hata zile ambazo hujaziandika.

Halafu mtoto apewe chupa yake ya maji akacheze mpira na wenzake, akichoka apumzike. Kuogelea ziwani muulize daktari kwanza. Maji ya baridi huamsha maumivu.