Muulize Fundi: Samaki wa bure kwenye kompyuta ya steshenari

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kompyuta mbili za mezani na printa. Wiki mbili zilizopita kijana anayenisaidia alidaunlodi skrini seva ya samaki, ya bure, wale wanaoogelea kioo kizima ukiiacha mashine dakika kadhaa, na kweli ilipendeza mpaka wateja wakawa wanasimama kuangalia. Sasa tangu siku ile matangazo yanajitokeza yenyewe, brauza ikifunguka inaenda kurasa tusizozijua na mashine imekuwa nzito. Kijana anabisha, anasema haiwezekani, ile ni picha tu. Nifanyeje? Na samaki wengine wa bure ambao ni salama wapo? (Mama Steshenari, Morogoro)

JIBU: Salama mama, pole sana. Nianze na huyo kijana kwa sababu asipoelewa hapa atarudia tena mwezi ujao: ile sio picha, ni programu kamili. Kwenye Windows faili la skrini seva linaishia na .scr, na ndani yake halina tofauti yoyote na programu inayoishia na .exe, ukilibofya linafanya kazi kama programu nyingine, linaweza kusoma mafaili yako, kuingia intaneti na kuleta wenzake bila kukuuliza. Halafu Windows yenyewe kwa kawaida inaficha hizo herufi za mwisho, kwa hiyo mtu mbaya akiliita faili lake samaki.jpg.scr wewe unaona samaki.jpg na unaamini ni picha. Nenda kwenye sehemu ya View ukifungua mafolda, washa "File name extensions", zitaonekana siku zote.

Mara nyingi hata hao samaki wenyewe hawana shida, shida ni kile kifurushi walichokuja nacho. Unabofya next, next, next, katikati kuna vitiki vidogo ambavyo tayari vimewekwa, kimoja kinabadilisha brauza yako, kingine kinaweka kitu cha matangazo, na mwenye kuigawa bure analipwa kwa kila mashine iliyokubali. Pesa yake inatoka hapo.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya wa intaneti au zima wifi. Fungua sehemu ya programu zilizoinstoliwa, zipange kwa tarehe, na kila kilichoingia siku ile ya samaki ambacho hukijui kitoe. Ingia kwenye brauza, futa nyongeza (extensions) zote usizozitambua, na angalia pia ni tovuti gani zimeruhusiwa kutuma taarifa, maana matangazo mengi yanayojitokeza pembeni ya kioo yanapitia huko. Mwisho fungua Windows Security, ule ulinzi unaokuja na Windows yenyewe, sio ule ukaguzi wa haraka, chagua ule unaoitwa "Microsoft Defender Offline scan", mashine itajizima na kujiwasha, inakagua kabla Windows haijaamka vizuri na hapo virusi vingi vinakosa pa kujificha.

Ila kinachoniumiza zaidi mama ni wateja wako. Steshenari ndio watu wanakoingilia email zao, wanajaza fomu za mkopo, wanaacha skani za vyeti na vitambulisho. Nywila zako zote zilizowahi kuandikwa kwenye hiyo mashine tangu siku ile zibadilishe leo ukitumia simu, na wateja unaowakumbuka waambie nao wabadilishe zao. Najua ni aibu kumwambia mteja hivyo lakini mwambie tu, ni haki yake.

Kuhusu samaki: ile maarufu sana ya bahari, Marine Aquarium ya Jim Sachs, ni ya kulipia, unapewa ya kuonja tu, kwa hiyo ukiona mahali wanaigawa yote bure pita mbali. Ya bure kweli kweli ni XScreenSaver ya Jamie Zawinski, ameitunza tangu 1992 na ina michoro zaidi ya 200, ila ni ya Linux na Mac, ya Windows hatoi, kwa hiyo anayekuletea "ya Windows" hajaitoa kwake. Kwenye mashine yako tayari zipo skrini seva za Windows yenyewe, Bubbles, Ribbons na Mystify, hazihitaji kudaunlodi kitu. Na kama moyo umeshikwa na samaki basi chukua video ya samaki uliyorekodi mwenyewe kwa simu, hata pale ferini au kwenye tangi la jirani, ifungue na VLC, programu ya kuchezea video, kioo kizima iwe inajirudia. VLC ni ya bure, ichukue kwenye tovuti ya wenyewe VideoLAN. Ukitoka kidogo bonyeza kitufe cha Windows na L mashine ijifunge.

SWALI: Mwalimu hapa Tanga. Maabara yetu ina kompyuta 12, za kichogo na za flati mchanganyiko. Je skrini seva inatunza kioo kweli? Na ile inayotafuta viumbe wa anga za mbali bado ipo? Wanafunzi wangeipenda sana. (Mwalimu wa kompyuta, Tanga)

JIBU: Mwalimu, kwa zile za kichogo ndio, kazi yake ilikuwa hiyo. Ndani ya kioo kuna unga unaotoa mwanga, picha moja ikikaa palepale masaa mengi unachakaa pale tu na alama inabaki milele. Ndio maana 1983 John Socha akaandika kiprogramu cha IBM PC kilichozima kioo kikikaa dakika tatu bila mtu kugusa, hakikuwa na samaki wala nini, giza tupu. Urembo wa kuchezacheza ulivuma baadaye na After Dark ya 1989. Flati za LCD hazichomeki hivyo, ziache zilale. Kioo cha wati 25 kikicheza michoro usiku masaa 12, mwezi mzima ni yuniti 9 za LUKU, hapo sipiyu sijaihesabu, zidisha kwa 12 uone.

Ile ya anga ni SETI@home ya chuo kikuu cha California pale Berkeley, ilianza Mei 1999, kompyuta za watu majumbani zilichambua mawimbi ya redio kutoka darubini ya Arecibo kule Puerto Rico, na 31 Machi 2020 wakaacha kugawa kazi mpya. Ndugu yake Einstein@Home bado ipo, unaipata kwa programu ya bure inayoitwa BOINC, na kioo kinaonyesha tufe la nyota linazunguka taratibu. Mwaka 2010 kompyuta za watu wa kawaida, Marekani na Ujerumani, ziligundua pulsa mpya kupitia hiyo, nyota iliyokufa inayojizungusha mara 41 kwa sekunde! Wasimulie wanafunzi, halafu iweke kwenye mashine moja tu, flati mpya kuliko zote, iwe inafanya kazi saa za kipindi na sio usiku, kwa sababu inakamua mashine kweli na joto la Tanga unalijua.